Manamba wa Makere

Neema na Hamza, nyie mlioishika kazi yangu, mmeniomba niandike "uzoefu wangu" usije ukapotea nikishaondoka. Nashukuru, ingawa mnaongea kama vile nimeshazikwa. Nimestaafu tu. Nyumba yangu ipo palepale nyuma ya msikiti, Kasulu mjini, na chai inapikwa kila siku. Ila kwa kuwa mmetaka maandishi, nitaandika, na kwa kuwa nawajua hamsomi kitu kinachozidi ujumbe wa simu, nitajitahidi nisiwachoshe sana.

Kazi yetu haielezeki kwa majirani. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini nipo polisi. Ukimwambia mtu kwamba unatafuta magari ya zamani ya mbio ndefu, yale yaliyokimbizwa mchana na usiku kwa siku kadhaa katika matope na vumbi la Afrika Mashariki, anakuangalia kwa huruma. Kisha anauliza, unayatafuta ili iweje? Ukimjibu kwamba yupo bosi Arusha anayeyatengeneza upya yang'ae, na wapo watu wanaovuka bahari kuja kuyaangalia tu, huruma inazidi. Nilijifunza mapema kujibu, "Natafuta vyuma," na maisha yakaendelea.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vipya. Aliyenipokea ni Fundi Kondo, fundi bodi kutoka Ujiji, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye ndiye alikuwa mtafutaji wa kanda hii kabla yangu. Akavitazama viatu, akaniuliza harusi ni ya nani. Kisha akanipeleka nyuma ya stendi ya Kibondo, akanionyesha gari bovu lililokaliwa na nyasi, akaniambia niingie chini.

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname," akasema. Nikatabasamu nikidhani ananipa hekima. Akasema yeye si mtu wa methali, anamaanisha mvungu wenyewe, niingie.

Kule chini ndiko alikonifundishia kila kitu ninachokijua. Gari la mbio lina matundu ambayo gari la mwalimu mkuu halina: matundu ya taa za ziada mbele, matundu ya mikanda ya kifuani, na chini ya injini alama za bamba nene la kuzuia mawe. Mishono ya bodi imechomelewa mara mbili, maana kiwandani hawakujua kwamba duniani kuna barabara kama ya Kibondo. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Brashi ya waya ya kusugulia kutu. Karatasi na penseli ya kunakili namba ya chasisi kama watoto wanavyonakili sarafu. Na sumaku, kwa sababu sumaku haidanganywi na puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi: pale isipong'ang'ania ujue bati limeliwa na mtu kaziba kwa maarifa. Hamza, najua una kifaa cha kupima unene wa rangi kinacholia kama kuku. Sumaku nimekuachia kwenye droo hata hivyo. Betri yake haiishi.

Fundi Kondo alinifundisha pia kwamba gari halipotei, linagawanyika. Basi miaka yangu ya kwanza niliitumia kutafuta vipande. Nimekuta boneti inakaangiwa chapati stendi ya Kibondo, na chapati zenyewe zilikuwa nzuri, nikala kwanza ndipo nikauliza maswali. Nimekuta kiti cha dereva wa mbio kwa kinyozi wa Nyakitonto, kile cha kumkumbatia mtu mbavu, na kinyozi akanieleza kwamba anakipenda kwa sababu wateja wanaoogopa wembe hawawezi kuchomoka. Huko porini Kibondo nimekuta gari zima ambalo mfugaji wa nyuki aliligeuza mzinga kwa miaka mingi. Lile sikulikagua. Nililisalimia kwa mbali nikaandika kwamba lina ulinzi.

Na Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, niliifuata injini moja ya thamani mpaka kwa mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akiuza sufuria za kusubu. Mume wake alikuwa anayeyusha vyuma. Nikamwonyesha picha ya injini, akaiangalia vizuri, akafunua sufuria ya kisamvu iliyokuwa jikoni.

"Moteri yako iko mu hii nyungu, mama," akasema. "Kula sombe, utaisikia mu kinywa."

Nikala. Bosi aliponipigia kuuliza nimefikia wapi, nikamjibu kwamba injini nimeionja.

Sasa niwaambie jambo ambalo chuoni hamkufundishwa. Kazi hii ni ya maneno kuliko ya magari. Nilipoanza, nilizunguka vijijini nikiulizia "gari la mashindano". Kila kijiji waliitikia kwa furaha, wakanipeleka kwenye lori lililobeba kwaya kwenda mashindano ya parokia. Nimekagua malori ya kwaya mpaka nikazijua nyimbo. Huku kwetu mashindano ni ya kuimba. Nani mwenye akili angeshindanisha magari, na hayo yenyewe hayatoshi?

Kwa hiyo nikabadilisha, nikawa naulizia "gari lenye namba ubavuni". Hapo nikaingia kwenye shimo lingine, na shimo hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika haya yote.

Mnajua kwamba wazee wengi wa Kiha walikwenda ujanani kukata mkonge pande za Tanga, na kule kila mmoja alipewa namba, wakaitwa manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Pangani, nyapara kwenye shamba la mkonge. Akaoa binti wa mmoja wa manamba wake, na huyo binti akamfanya anyooke mpaka akamfuata kwao Kasulu na hakurudi tena pwani. Ndiyo asili yetu. Na ndiyo maana wazee wa Kiha wakinitania kwamba babu yangu aliwachapa, mimi huwajibu kwamba binti yao alimlipizia kisasi kila siku ya maisha yake.

Basi nikiwa gulioni Makere, naulizia chombo chenye namba ubavuni, mzee mmoja muuza tangawizi akaniambia, "Ego, ndiyo mama, Manamba yupo. Yuko kwa Mama Yusta."

"Mzee sana?" nikauliza.

"Mzee. Hatembei. Macho walishamtoa. Anakaa tu pale, Mama Yusta anamfunika mvua ikinyesha."

Moyo uliniuma. Niliona mzee kipofu, kibarua wa watu kama babu yangu, amelazwa kwenye kibanda cha mtu baki. Sikwenda kumwona, maana nilikuwa na haraka ya kulifuata gari. Lakini kila Ramadhani tangu mwaka ule nilitoa kilo ya sukari na majani ya chai, nikampa konda wa basi la Kibondo, nikamwambia, "Mpelekee Manamba kwa Mama Yusta, Makere. Mwambie asichoke, tunamkumbuka." Konda akibadilika, nilimwagiza konda mpya. Salamu zilirudi kila mwaka: Mama Yusta anashukuru, Manamba yupo salama, hajaguswa. Nililiona hilo neno, hajaguswa, nikaliweka kwenye fungu la Kiswahili cha bara.

Mwaka jana, mkiwa mmeshaajiriwa nyote wawili, bosi alitutumia picha ya gari la Kifaransa, jeupe, lenye namba nyeusi mlangoni. Akatueleza kwamba zamani waandaaji wa mbio walifikiria kuzipitisha huku magharibi, wakamtuma dereva mmoja na gari lake kuipima njia. Njia ikawashinda, mbio hazikuja, na gari halikurudi. Lilionekana mara ya mwisho likitoka Kibondo kuelekea Kasulu wakati wa masika. Ndilo pekee la aina yake lililobaki bila kujulikana lilikoishia.

Tulishuka Makere sote watatu, mnakumbuka. Neema ukamwonyesha picha mama aliyekuwa anaanika mihogo kando ya barabara, na kabla hujamaliza kuuliza yeye akacheka.

"Si Manamba huyo! Yuko kwa Mama Yusta. Mbona mnauliza, na sukari yake mnaleta kila mwaka?"

Nilikaa kwenye jiwe. Wazee waliotoka mkongeni waliliona lile gari siku lilipokuja, lina namba ubavuni, limetumikishwa likafia mbali na kwao, nao wakalipa jina lililokuwa lao. Macho yaliyotolewa yalikuwa taa.

"Shangazi," Hamza ukaniambia, na wala hukungoja nipumue, "fundi gani anatia gari sukari?"

Nilikuwa na hamu ya kukuchapa, hamu ya kinyapara kabisa, lakini nilikuwa nacheka mno.

Kwa Mama Yusta hatukucheka muda mrefu. Mama mwenyewe mlimwona, mwembamba, mgongo umeanza kupinda, kikohozi hakimwachi. Akatupeleka nyuma ya migomba. Chini ya paa la nyasi, juu ya magogo, gari lilikuwa limesimama zima. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona kitu kama kile. Namba ipo, majina mawili yaliyoandikwa juu ya mlango yapo, vioo vipo. Taa mumewe alizifungua ziepukane na wezi, akazifunga kwenye kitenge, zikakaa mvunguni mwa kitanda. Neema ulilia. Mimi nilijifanya naikagua mishono.

Akatusimulia. Walikuwa vijana wapya kwenye ndoa, yeye na Stanslaus, wakati wageni wawili walipokwama kwenye matope pale barabarani na gari likakataa. Wageni wakamwomba Stanslaus awalindie, wakadandia lori la chumvi kwenda Kigoma. Ikawa ndiyo hiyo. Miaka ikapita, na watu wakaanza kusema kwamba Stanslaus aliwafanyia kitu wale wageni, au kwamba gari ni la wizi, ndiyo maana analifunika. Yeye aliendelea kuezeka lile paa kila kiangazi. Alipokufa, siku ya mazishi, jirani mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, kama vile marehemu amelipia aliyowafanyia wale wageni, "Leo gari imepata mwenyewe."

"Nililisikia," Mama Yusta akasema. "Niko nimeshika jeneza, nikalisikia."

Na sasa wanawe wawili walikuwa wamekwishaongea na wanunuzi wa chuma chakavu. Walimheshimu mama yao, hawakuligusa akiwa hai, lakini kila mtu Makere alijua kwamba siku atakayozikwa gari litakatwa. Yeye hakuogopa kufa. Aliogopa kufa na amana ya watu uani, jina la Stanslaus likabaki hivyo. Kilichokuwa kikimtia moyo ni sukari. Kila mwaka ilipofika alijua wenye gari hawajasahau, akawaonyesha wanawe.

Ilibidi nimwambie sukari ni ya nani. Nilimweleza yote, kipofu na mkonge na konda. Akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika, Yusta bintiye akaja kumpigapiga mgongo. "Umelisha gari futari!" akasema. "Na mimi nakunywa chai yake!" Lakini alipomaliza kucheka, uso ulibaki mtupu, na mimi nikajiona nimemnyang'anya kitu.

Bosi alipoziona picha alipiga simu palepale. Nilimpa Mama Yusta aongee naye. Akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamjibu, "Baba, wewe hukuniachia kitu," akanirudishia simu. Bosi akaniambia basi tuongee na wale vijana, tusubiri, mama mwenyewe anaumwa. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Nilimpenda bosi wangu na bado nampenda, ila siku ile nilikasirika. Nikamwambia katika kazi hii nimetafuta magari, sasa natafuta mtu, na kama hataki nitatafuta kwa nauli yangu.

Majina mlangoni yalikuwa mawili. La msoma ramani tuligundua upesi kwamba ni marehemu. La dereva, Joram, mwenye gari mwenyewe, nilipanga kulifuata kwa njia za Fundi Kondo: kuandika kwa mafundi wazee wa Mwanza, wao waulize wa Kisumu, wao waulize wa Nairobi. Niliinuka kwenda kutafuta bahasha. Niliporudi, Neema ulikuwa umeshampata kwenye simu, babu wa wajukuu wengi, yuko Nakuru, anafuga kuku. Sikukusifu siku ile kwa sababu nilikuwa nimeshanunua stempu. Nakusifu sasa.

Joram alikuja. Alishuka Kasulu na fimbo na kofia, mguu mmoja mzito, mcheshi kama sisi. Njiani kwenda Makere alinieleza kwamba hakukusudia kutorudi. Alipofika kwao gharama zilimlemea kidogo, na alipojiandaa kurudi mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa. Ulipofunguliwa alikuwa na watoto na aibu, na aibu, alisema, ni nzito kuliko geti la mpakani.

Uani palikuwa pamejaa. Mama Yusta alikuwa amewaalika majirani wote, na yule wa mazishini alimtumia mjumbe mara mbili mpaka akaja. Wanawe walisimama karibu na paa. Joram akavua kofia, akasalimu kwa salamu ya Kiha niliyomfundisha garini, "Mwakeye," akaitamka vibaya sana.

Mama Yusta hakumtambua. Alimzunguka akamtazama kama mtu anayenunua mbuzi, akarudi kukaa.

"Mgeni," akasema, "siku ile ulituambia nini?"

Nyie hamkuona uso wa Joram kwa sababu mlikuwa mnapiga picha. Mimi nilikuwa pembeni yake. Angeweza kubuni. Mtu mcheshi hubuni upesi.

"Mama, sikumbuki," akasema. "Nisikudanganye. Labda nilisema tunarudi kesho. Gari likitulaza, tulisema hivyo kila mahali."

Watu wakaguna. Mwanawe mkubwa akatazama chini. Niliona yote yamevunjika, nikamtafuta Yusta anisaidie neno la Kiha, sikulipata.

Mama Yusta akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ni kweli. Ulisema kesho. Mimi Kiswahili sikuwa nakijua, Stani akanigeuzia. Akaniambia, wamesema watarudi ejo."

Hapo uani kulianza kicheko kidogo, kwanza kwa wazee. Joram akanigeukia. Nikamnong'oneza kwamba kwa Kiha ejo ni kesho, na ejo hiyohiyo ni jana.

"Kwa hiyo hukuchelewa," Mama Yusta akamwambia. "Ejo ni ejo. Mimi nilikuwa nangoja tu ijulikane ni ipi." Kisha akaacha mchezo, sauti ikabadilika. "Sasa waambie hawa gari ni ya nani."

Joram akasimama wima, fimbo akaiegemeza mguuni. Akasema kwamba gari ni lake, jina lake ndilo lile mlangoni, na alimwachia Stanslaus kwa mkono wake mwenyewe. Akasema amekuta hata kioo hakijavunjika. Akataka kusema zaidi, akaishia kukaa. Yule jirani wa mazishini alitoka mbele bila kuitwa, akampa Mama Yusta mkono, akauchukua wa kwake kwa mikono miwili, na hakuna aliyesikia alichosema, maana alikisemea sikioni. Mama Yusta alimjibu kwa kumpigapiga begani. Mimi nililia waziwazi, na atakayesema nilikuwa nakagua mishono ni mwongo.

Yaliyobaki yalikuwa kazi. Joram na bosi walishaelewana, lori la kubebea lilikuwa linangoja barabarani kwa sababu njia ya uani haikulitosha. Wale vijana wawili, ambao jana yake walitaka kuliuza kama chuma chakavu, ndio walioleta taa kutoka mvunguni na kuzirudisha mahali pake kwa mikono yao, kwa uangalifu kama wanamvisha baba yao miwani. Tukatia matairi ya kuazima, tukaondoa magogo.

Tulipotaka kusukuma, Mama Yusta akasema tungoje. Akaja mpaka mlangoni, akausimamia.

"Nimeitunza hii tangu msichana," akasema. "Sijawahi kuipanda. Stani alikuwa anasema amana haipandwi. Sasa si amana tena?"

Joram akamfungulia mlango wa mbele, akamshika mkono akaingia. Akakaa kwenye kile kiti cha kumkumbatia mtu mbavu, akapanga kitenge chake magotini, akashika kishikio cha mlango. Kijiji kizima kikasukuma. Gari likashuka taratibu kupita migomba, kupita mihogo iliyoanikwa, watoto wanakimbia kandokando, na wazee waliokuwa wakiliita jina lao wakawa wanapiga makofi, "Manamba anatembea!" Yeye hakupunga mkono. Alitazama mbele tu, kidevu juu, kama mtu anayejua njia.

Tukafika barabarani. Dereva wa lori akashusha mbao, akaja dirishani, akamwomba kwa heshima, "Bibi, shuka sasa tulipakie."

Mama Yusta hakugeuza hata shingo.

"Nashuka ejo," akasema.

Tukakaa kwenye nyasi, Joram na mimi na Makere nzima, tukamngojea.